Saa Ikitoka Mfukoni

Jumatano ya tarehe kumi na mbili Septemba, mwaka sabini na tatu, chakula cha mchana cha Anselmi kilikaa mezani chini ya kawa mpaka kikapoa. Mama Paulina, mpishi wa nyumba ya wageni ya Shamba la Mkonge la Ngadinda, hakukigusa. Kwa wiki tatu mgeni yule alikuwa akiingia saa saba kamili, anavua kofia, anamwamkia, ananawa mikono. Hata siku aliyoshikwa na homa alikuja akaketi, akala vijiko viwili kwa heshima ya mpishi, akarudi kulala. Saa kumi Mama Paulina akakirudisha jikoni. Jioni akaweka kingine, nacho kikarudi. Alhamisi asubuhi akavua aproni, akaenda kwa meneja kusema kwamba mtu wa Dar es Salaam hayupo.

Mtu huyo wa Dar es Salaam alikuwa mtafiti wa shirika lililokuwa likiendesha mashamba ya mkonge tangu serikali iyachukue. Alitumwa kutazama jambo moja tu: je, gereji na malori yaendelee kuwa mikononi mwa shamba, au kazi hizo wapewe watu wa nje kwa mkataba, shamba libaki na kukata mkonge na kuusindika? Gereji ilikuwa na watu thelathini na wanne. Utafiti wake ulikuwa wa kimya. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa gereji, daftari gotini, na mkononi saa ya duara yenye mnyororo, ile inayobonyezwa ikaanza kuhesabu na kubonyezwa tena ikasimama. Jumanne iliyofuata bodi ilikuwa ikutane kusikia alichokiona.

Ilipofika Ijumaa asubuhi, Inspekta Ulimboka wa Kilosa alikuwa na mtu mahabusu. Aliitwa Lazaro, fundi mkuu wa gereji, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyezaliwa kwenye kambi ya manamba palepale Ngadinda. Mambo mawili yalimweka ndani. La kwanza, wiki moja kabla, mbele ya watu wote, alimwambia Anselmi, "Wewe na saa yako mtaondoka hapa kabla yetu." La pili lilikuwa baya zaidi. Siku ya Jumatano hakuwapo kazini. Alisema alikwenda kuzika Chanzuru, kijiji cha jirani. Ulimboka alituma askari Chanzuru, akazunguka nyumba kwa nyumba. Wiki ile Chanzuru hakukuwa na msiba.

"Shikamoo mzee," Ulimboka alimwambia mlangoni mwa mahabusu. Alikuwa mtu wa Rungwe, na kwao mtu haachi kumwamkia mkubwa kwa sababu tu amemfungia mlango.

"Marahaba, afande."

"Chanzuru hawakuzika mtu."

"Basi hawakuzika."

"Ulikuwa wapi?"

Lazaro aliangalia viganja vyake, vilivyokuwa na oili isiyotoka hata kwa sabuni ya magadi. "Andika ulichonacho," akasema.

Kwa alichokuwa nacho Ulimboka, Lazaro angepelekwa Morogoro siku ya Jumatatu, na kosa ambalo lingeandikwa pale adhabu yake ni kamba.

Ulimboka alikwenda Ngadinda kuangalia chumba cha Anselmi. Njiani gurudumu la Landrova likapata pancha, akaingia nalo gereji likivuja upepo. Mafundi wawili walilivua, wakaziba, wakarudisha, huku wakibishana kuhusu Simba na Yanga. Aliangalia saa yake ya mkononi kwa mazoea tu, akiwa ndani ya gari. Dakika kumi na tisa. Aliona pia jinsi walivyofunga bomba la rejeta la lori lililokuwa jirani. Klipu za chuma zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo walizungusha kamba ya katani iliyochovywa kwenye oili chafu, wakamalizia kwa fundo bapa lenye mikia miwili iliyolala upande mmoja.

"Fundo gani hilo?" aliuliza.

"La wakata mkonge, afande," fundi mmoja akajibu. "Baba zetu walifungia mafungu ya majani. Majani thelathini, fundo moja. Sisi tumelihamishia kwenye gari."

"Linashika?"

"Linashika kuliko ahadi za kuletewa klipu."

Chumbani mwa Anselmi kulikuwa na mashati matatu yaliyokunjwa, picha ya mwanamke na mtoto mchanga, na daftari. Ulimboka aliketi kitandani akasoma. Kila kazi ya gereji ilikuwa na mstari wake. Kubadilisha klachi ya lori la Bedford: siku mbili na saa moja. Kufunga breki: saa sita. Kuziba pancha: dakika hamsini na tatu.

Aliurudia mstari huo wa mwisho. Akatoka, akaenda jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kula au kuuliza?"

"Kuuliza."

"Basi utakula kwanza. Mwenye njaa huuliza kwa hasira."

Alimpakulia ugali na mlenda. Ulimboka alikula tonge tatu, kisha akasema, "Mama, mafundi wenu wameniziba pancha kwa dakika kumi na tisa. Daftari la mgeni wako linasema dakika hamsini na tatu. Mimi sijui habari za mkonge. Nieleze."

Mama Paulina alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Wewe ulitoa saa ya kuwapimia?"

"Hapana."

"Ndiyo maana. Hapa tuna sheria, haikuandikwa popote. Saa ikitoka mfukoni, mkono unalala. Wakati wa yule Mgiriki mwenye shamba alikuja mzungu mwingine na saa kama hiyo, akasimama shambani. Wakataji wakataka kumwonyesha kwamba wao ni wanaume. Walikata mkonge mbiombio, wakamaliza ngwe, kipande cha siku nzima, saa nne asubuhi. Mume wangu alikuwamo. Mwezi uliofuata ngwe ikaongezwa mistari miwili, ujira uleule. Tangu siku hiyo mtoto wa Ngadinda akiona mtu na saa, anafanya kazi kama mgonjwa. Anafundishwa kabla hajajua kusoma."

"Lakini gereji si ngwe," Ulimboka alisema. "Gereji ikionekana goigoi haiongezewi kazi. Inafungwa, kazi wapewe wa nje."

"Nani aliwaambia hivyo? Walimwona mtu na saa. Wakafanya walichofundishwa na baba zao."

Ulimboka aliacha kula. Watu thelathini na wanne walikuwa wamejichongea wenyewe kwa wiki tatu, kwa bidii kubwa, wakidhani wanajilinda.

"Anselmi alijua?"

"Nilimwambia Jumanne, wakati wa chai. Nilimwonea huruma, anaandika anaandika. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, 'Kwa hiyo mama, wiki tatu nimepima woga?' Nikamwambia, sijui umepima nini baba, ila kazi hujaipima. Kisha akaniuliza ni wapi watu hawa wanafanya kazi bila woga, akawaone."

"Ukamwambiaje?"

"Nikaosha vyombo."

"Kwa nini hukumjibu?"

"Kwa sababu nilikuwa najua," Mama Paulina alisema. "Mimi naishi hapa, mwanangu. Nenda kaulize stesheni. Wao hawaishi hapa."

Karani wa tiketi wa stesheni ya Kilosa alikuwa mtu mwembamba aliyependa kuulizwa. Ndiyo, alimkumbuka mwenye saa. Jumatano asubuhi alikata tiketi ya kwenda Mikumi kwa treni ya Kidatu, ya kwenda bila kurudi.

"Alisema lolote?"

"Kabla ya kukata tiketi aliniuliza kama mafundi wa Ngadinda huwa wanapanda treni hii. Nikamwambia, ndugu yangu, wale hawapandi treni. Kila Jumanne jioni wanafuatwa na lori la Ushirika wa Mikumi. Mabwana wakubwa hao." Karani akapanga tiketi zake kwenye kisanduku. "Wiki hii kazi yangu ni kuulizwa habari za watu. Jana Mikumi wamepiga simu kuuliza kama reli imepotelewa na gadi, msimamizi wa treni. Nikawajibu, magadi wetu tumewahesabu, wote wapo na wote wanadai likizo."

Ulimboka aliyaandika yote. Jambo la gadi aliliandika mwishoni, kwa kalamu iliyokuwa imeanza kukauka.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa Mikumi, kwenye uwanja wa Ushirika wa Usafirishaji, hatua mia chache kutoka barabara kuu ya Zambia. Malori yaliyobeba shaba ya Zambia yalikuwa yakipita moja baada ya jingine na vumbi la pembeni halikupata nafasi ya kutua. Mwenyekiti wa ushirika aliitwa Cornel. Alikuwa mnene, mchangamfu, ndani ya suti ya mikono mifupi, na ndiye aliyekuwa ameomba mkataba wa kuchukua malori na gereji ya Ngadinda.

"Karibu, Ndugu Inspekta. Uwanja ni wenu, ni mali ya wanachama."

"Nimesoma barua yenu kwa shirika," Ulimboka alisema. "Mmeandika kwamba klachi ya Bedford ninyi mnaibadilisha kwa saa tano."

"Chini ya hapo. Si kwa kujisifu."

"Mafundi wako wanatoka wapi?"

"Dar es Salaam. Vijana wa chuo."

"Niite mmoja."

"Leo Jumamosi, ndugu. Wamekwenda kwao."

Ulimboka alitembea katikati ya malori manne yaliyokuwa yameegeshwa. La tatu alilifungua boneti mwenyewe. Bomba la rejeta lilikuwa limefungwa kwa katani iliyochovywa oili, na fundo lilikuwa bapa, mikia miwili imelala upande mmoja. Upande wa ndani wa boneti kulikuwa na maandishi ya chaki, kama wanavyoandika mafundi wanapokabidhi gari: *Klachi. 12/9. Imekamilika saa 9 na nusu alasiri.*

"Chuo hicho cha Dar es Salaam," Ulimboka alisema, "kinafundisha kukata mkonge?"

Cornel alifunga boneti polepole. Alikwenda akaketi kwenye ngazi ya kibanda chake, akajifuta shingo.

"Hakuna aliyeiba, Inspekta. Usije ukaandika wizi."

"Nieleze, nijue la kuandika."

"Mimi nina watu kwenye barabara hii, napata spea. Beringi, plagi, sahani za klachi. Lazaro ana mikono lakini shamba halimpatii hata nati. Kila Jumatano anakuja na wenzake wawili, wanatengeneza yangu, wanaondoka na beringi wanakwenda kufunga kwenye malori ya shamba. Shilingi haijapita kati yetu hata moja. Bila mimi malori ya Ngadinda yangesimama tangu Pasaka."

"Na bila yeye huna gereji."

"Sina."

"Lakini umeomba kupewa kazi ya gereji."

"Ningewachukua wao, Inspekta. Lazaro na wale wawili. Ningewapata wapi wengine?"

"Na thelathini na mmoja waliobaki?"

Cornel aliangalia barabarani.

"Anselmi alifika hapa Jumatano," Ulimboka alisema. Hakuuliza.

"Saa tano. Hakugombana na mtu. Alitafuta debe akakalia. Lazaro alikuwa chini ya lori hili, alipotokeza kichwa akamwona, nikadhani atazimia. Kisha akarudi chini akaendelea. Nadhani aliona kwamba mambo yameshaharibika, hakuna cha kuficha. Walifanya kazi siku ile, Inspekta. Sijapata kuona. Walipomaliza, yule bwana akabonyeza saa yake, akaandika, akamshika Lazaro mkono na oili yake yote, akaaga. Alisema anakwenda kutafuta basi la Morogoro, aunganishe la Dar es Salaam usiku uleule. Alikuwa na haraka."

"Na Lazaro?"

"Alikula hapa, akalala hapa. Alhamisi alfajiri nikawarudisha."

Ulimboka alishukuru, akavuka kwenda kituo kidogo cha polisi. Koplo wa zamu alisimama. Ulimboka alimwambia akae, akamuuliza kama Jumatano jioni kulikuwa na tukio lolote kwenye kituo cha mabasi.

"Ajali moja, afande. Ya yule gadi wa reli."

Ulimboka alikumbuka mstari ulioandikwa kwa kalamu iliyokauka.

"Mlijuaje ni gadi wa reli?"

"Suruali ya kaki, afande, na saa ile ya mnyororo wanayobeba magadi. Na alikuwa na kidaftari cha ratiba za treni. Jina hakikuwa nalo. Tukapiga simu reli, wakasema si wao."

"Lete."

Koplo alileta bahasha. Saa ilikuwa imepasuka kioo. Ulimboka alifungua kidaftari. Kurasa za mbele zilikuwa zimejaa saa na dakika tu, mistari na mistari, na ni kweli, kwa mtu asiyejua kazi ya Anselmi na asiyefika kurasa za mwisho, kingeweza kuwa ratiba ya treni.

"Ilikuwaje?"

"Basi la Morogoro lilisimama ng'ambo, limeanza kuondoka. Akakimbia kuliwahi, akatokea mbele ya lori la shaba. Dereva Mzambia alisimama mwenyewe, akaja hapa mwenyewe, akalia hapo uliposimama. Maelezo yake ninayo, na ya kondakta wa basi, na ya mama muuza ndizi. Saa kumi na dakika ishirini. Alikufa hapohapo."

"Mwili?"

"Hatuna pa kuhifadhi, afande, na joto hili. Watu wa Mikumi walimzika Alhamisi. Hawakujua dini yake. Shehe alisoma dua, na katekista naye akasoma. Walisema Mungu atachagua."

Ulimboka aliomba apelekwe. Kaburi lilikuwa nyuma ya soko, udongo wake bado mwekundu, na mtu alikuwa amelizungushia mawe bila kuambiwa. Alivua kofia. Alisimama pale kwa muda ambao hakuupima, kisha akaandika kwenye daftari lake mahali lilipo, hatua ngapi kutoka ukuta wa soko, ili wenye mtu wao wasihangaike kulitafuta.

Saa kumi na moja jioni alikuwa Kilosa. Alimtoa Lazaro mahabusu, akamkalisha mbele ya meza yake, akaagiza chai vikombe viwili. Alimsomea maelezo ya dereva, ya kondakta na ya muuza ndizi. Aliposoma kuhusu kaburi, Lazaro alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi.

"Nilidhani amefika Dar es Salaam," alisema hatimaye. "Mliponikamata nikasema, watu wa Dar es Salaam watampata tu. Baadaye nikaona hapatikani. Nikaogopa."

"Ungenyongwa, mzee. Kwa kitu ambacho mama muuza ndizi alikiona mchana kweupe."

"Ningesema nilikuwa Mikumi, mngesema gereji ya Ngadinda haina kazi ila kutengeneza magari ya watu. Ingefungwa siku hiyohiyo. Wale ni watoto wa wenzangu, afande. Nimewashikisha spana mmoja mmoja."

Ulimboka alifungua kidaftari kwenye kurasa za mwisho. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyepakata daftari gotini. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na majina matatu, la Lazaro likiwa la kwanza, na maneno: *Fundi mkuu wa Ngadinda na wenzake, wakifanya kazi Mikumi kwa kubadilishana na spea.* Ukurasa wa kulia: *Klachi, Bedford. Saa nne na dakika ishirini na sita. Watu walewale. Gereji si goigoi. Taarifa niliyokwisha kuipelekea ofisi ifutwe. Hakuna sababu ya kutafuta watu wa nje. Shamba lipewe spea.*

Lazaro alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alirudia mara mbili.

"Hiki kinakwenda wapi?" aliuliza.

"Ni mali ya shirika. Kesho nampelekea meneja, Jumanne kiende kwa bodi." Ulimboka alisogeza kikombe. "Utaratibu wao unaujua kuliko mimi. Fundi anayefanya kazi za nje siku ya kazi, anayeingiza spea bila hati."

"Anafukuzwa."

"Kurasa ni mbili," Ulimboka alisema. Hakumwangalia. "Saa ziko huku. Majina yako huku."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Inspekta Ulimboka kusema neno la namna hiyo mbele ya kielelezo. Lazaro alilielewa. Alikunywa chai yake mpaka nusu, akaweka kikombe juu ya meza kwa uangalifu, mbali na karatasi.

"Ukichana huu wa majina," alisema, "hizo saa nne na nusu zinabaki za nani?"

Ulimboka alirudi kwenye ukurasa wa kulia.

"Zinabaki za Cornel. Zimepimwa uwanjani kwake, kwenye lori lake. Bodi itasema, hawa ndio mafundi, wapeni kazi. Lazima ziwe na jina langu, afande. Bila jina langu zinatumaliza sisi."

"Na zikiwa nalo?"

"Zinanimaliza mimi."

Alikifunga kidaftari, akakisukuma upande wa Inspekta. Kisha akaomba kalamu asaini karatasi ya kuachiwa. Alisaini kwa herufi kubwa zilizonyooka, kama zile za chaki.

Jumapili baada ya misa Meneja Simoni alipokea kidaftari kikiwa kizima, akakisoma amesimama, akaandika barua mbili. Barua ya kwanza inaomba bodi isiamue lolote Jumanne mpaka gereji ipimwe upya. Ya pili inamsimamisha kazi fundi mkuu peke yake, kama mwenye dhamana ya wenzake wawili. Jumatatu gereji ya Ngadinda inafunguliwa saa moja asubuhi na watu thelathini na watatu, na Lazaro haruhusiwi kupita getini.